Mfenesi Chini ya Mashua

Mjuaji, nahodha wa mashua ya abiria, alijigamba kuwa anaweza kuvuka bwawa amefumba macho. Kuogelea hajui, lakini mdomo wake unaelea vizuri sana. Basi ukame ukapunguza maji, na visiki vilivyozama tangu bwawa lijengwe vikakaribia juu. Siku moja kimoja kilimtobolea mashua, na abiria wakaanza kumkimbia.

Asubuhi moja wiki iliyofuata walipanda sita tu, pamoja na mama yake mzazi, aliyelima bonde hilo kabla halijafunikwa na maji. Katikati ya safari mama akapiga kelele.

"Punguza mwendo, wewe! Hapo mbele ni mfenesi wetu."

"Mama, nahodha ni mimi."

"Na aliyeupanda ni mimi. Zima injini!"

Abiria wakacheka, ila mikono yao ilikuwa imeng'ang'ania kingo za mashua. Mjuaji akaiona ile mikono. Akazima injini, akainyanyua, akashika upondo na kuisukuma mashua taratibu. Kumbe kisiki kilikuwepo, shubiri moja chini ya maji.

Walipofika ng'ambo akamsaidia mama kushuka.

"Mama, kesho utakaa mbele unionyeshe njia?"

"Nitakaa, bora usinibishie."