Gari Bovu la Ta Nicholaus

Kishanda nzima walijua kwamba gari la Ta Nicholaus ni bovu. Asiyejua ni gari lenyewe. Lilikuwa zima kama siku lilipotoka bandarini, halina kasoro ila mkwaruzo mmoja kwenye paa, na mkwaruzo huo ndio ulioanzisha uongo.

Mwanzoni hakuwa mtu mbaya. Alitunza ghala la kahawa la chama cha ushirika miaka mingi, akastaafu, na kiinua mgongo badala ya kukijengea nyumba kama wenzake akakinunulia gari. Alichosahau ni kwamba kijijini mtu hanunui gari la peke yake. Ukinunua wewe, kimenunua kitongoji. Halijamaliza mwezi lilikuwa limebeba wagonjwa, limebeba bibi harusi, limebeba jeneza lililofungwa juu kwa kamba, na kamba ile ikaacha alama. Ta Nicholaus aliusugua mkwaruzo ule kwa kila dawa aliyoijua, ukakataa kutoka. Mtu aliyefuata kuja kuomba msaada aliambiwa, "Gari bovu, waitu. Gia haziingii."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye aliirefusha kwa bidii. Jioni alifungua boneti akainama humo, akatoka na oili mikononi kama mtu aliyefanya kazi. Na kwa kuwa gari bovu haliendi matembezi, kila alipotaka kwenda Muleba kununua nyama, au Bukoba kumsalimu dada yake wa Bilele, ilimbidi aage kwa kusema analipeleka kwa fundi. Waliokuwa wakipalilia migomba waliinua mikono wakampa pole, naye pole hizo akazipokea. Mkewe, Bernadeta, alimwambia mara moja tu, "Nicholaus, hili gari litakuumbua." Kisha akaendelea kumenya ndizi zake.

Alasiri moja ya mvua, Dastan, kijana wa nyumba ya jirani, alikuja mbio akiwa ameloa. Mkewe Serafina alikuwa ameshikwa na uchungu, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. "Ta Nicholaus, nakuomba," alisema, bila hata salamu.

"Breki hazishiki, mwanangu. Nitawaua."

Alilisema hilo bila kutetereka, kwa sababu alishalizoea. Dastan hakubisha. Aliamini, akageuka kutafuta bodaboda. Serafina akapakiwa katikati, Bernadeta akawafuata kwa miguu, kitenge kichwani. Walipofika kwenye misonobari pikipiki ilinasa kwenye tope, na mtoto akazaliwa pale pale kwenye majani, Bernadeta, aliyekuwa amewafikia, akiwakinga mvua kwa kitenge. Mungu ni mwema, mama na mtoto walipona. Mtoto wakamwita Kamuhanda, yaani wa njiani, ili wasisahau walikookolewa.

Bernadeta alirudi, akanawa tope miguuni, akapakua chakula. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Tangu siku hiyo, kila Serafina alipoita ng'ambo ya migomba, "Kamuhanda, njoo hapa," uso wa Ta Nicholaus ulimwaka moto. Aliona aibu, aibu ile inayokaa na mtu mezani na kitandani. Utauliza kwa nini asiseme gari limetengenezwa yakaisha. Aliogopa. Likipona upesi baada ya mvua ile, watu wangejiuliza lilikuwa linaumwa nini. Basi likaendelea kuwa bovu, na Kamuhanda akajifunza kutembea.

Mwaka huu, kahawa ilipoanza kukauka uani, wanachama wa bujuni, kile chama chao cha kuzikana na kusaidiana, walikutana nyumbani kwa mama yake Dastan, Ma Kokugonza, ambaye ndiye mwenyekiti. Kahawa za kutafuna zikazungushwa. Ma Kokugonza akasema kuna jambo.

"Ta Nicholaus ametaabika na hilo gari vya kutosha," alisema. "Kila siku kwa fundi, kila siku kwa fundi, mtu mzima na pensheni yake. Dastan amesikia huko Bukoba kuna gereji inauza kifurushi cha gari. Unalipa mara moja, wanakutengenezea miaka miwili. Mimi naona tumnunulie. Kila nyumba itoe debe moja la kahawa."

Ta Nicholaus alitamani ardhi ipasuke immeze. "Hapana, Ma Kokugonza," alisema, "huo ni mzigo mkubwa kwenu."

"Mzigo gani? Siku likipona atapanda nani kama siyo sisi? Serafina ana mimba nyingine. Huyu hatutaki azaliwe njiani."

Watu wakacheka, wakasema Ta Nicholaus ni mnyenyekevu, hapendi kusumbua. Ikaamuliwa aende Bukoba na Dastan wakakague kama hicho kifurushi kina faida kabla kahawa haijauzwa. Serafina alimletea maji ya kunywa, akayapokea bila kumtazama.

Walisafiri siku ya soko. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na ya gari aijuaye fundi, na Ta Nicholaus alikuwa anajipeleka mwenyewe kwa mwosha. Njia nzima alienda polepole, kila mteremko akikanyaga breki mara nyingi kama mtu anayezibembeleza. Dastan alishika mshikio wa mlango kwa mikono miwili, tayari kwa lolote. Alipanda gari analoamini linaweza kumuua, ili kumsaidia mwenye gari. Ta Nicholaus aliiona ile mikono na akashindwa kumwambia aiachie.

Mwenye gereji aliitwa Yunus, mtu mpole mwenye kofia nyeupe iliyokosa doa hata moja, jambo la ajabu kwa kazi yake. Aliwaeleza kifurushi chake bila kukipamba. Ukishalipa, kwa miaka miwili kila gari likitimiza kilomita zake unalileta, wanamwaga oili, wanabadilisha filta na plagi, na pedi za breki zikiisha wanafunga mpya. Tairi na gia havimo. Na muda ukiisha kimeisha, hata kama hukukitumia, sawa na kile cha simu.

"Ila simuuzii mtu kabla sijaliona gari," alisema.

Ta Nicholaus akasema leo wana haraka. Dastan akasema haraka ya nini, ndilo lililowaleta. Yunus akaliwasha, akalizungusha uani, akafunga breki ghafla mara kadhaa, akalipandisha kwa jeki akatoa gurudumu. Alikaa huko chini muda mrefu. Aliporudi alikuwa anafuta mikono.

"Wazee, tusidanganyane. Mkinipa hela nitaipokea, nina watoto. Lakini kifurushi ni cha gari linalofanya kazi. Hili halifanyi kazi. Haliendi mbali, mtanilipa bure."

"Haliendi kwa sababu ni bovu," Dastan alisema. "Breki."

"Breki gani? Hizi breki hazijalika hata kidogo. Hazijaguswa na fundi tangu lije nchini."

"Na gia?"

"Gia nzuri kuliko za gari langu."

Dastan alimtazama Ta Nicholaus. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo, kisha ukaona kabisa amelikumbuka. Akamshukuru Yunus, akaenda kukaa garini.

Walivuka Muleba. Ta Nicholaus alitafuta pa kuanzia, kila sentensi ikamshinda mdomoni. Sasa gari lilikwenda vizuri, maana hapakuwa na wa kumdanganya, na Dastan hakushika tena mlango. Walipofika kwenye misonobari alisema, "Nishushe hapa."

"Nyumbani bado mbali, mwanangu."

"Nishushe, Ta Nicholaus." Akashuka, akapita pale kwenye majani, akaendelea kwa miguu.

Jumapili bujuni wakakutana tena. Ta Nicholaus alikuja ameamua kusema yote, na Bernadeta, aliyekuwa ameyasikia usiku kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwake, alikaa karibu naye. Ma Kokugonza akamwuliza Dastan wameonaje.

"Kifurushi hakina haja," Dastan alisema. "Fundi amesema gari limepona."

Wanawake wakapiga vigelegele. Ma Kokugonza akamshukuru Mungu, akasema basi kahawa ile itakuwa ya mafuta ya gari. Ta Nicholaus akasimama. "Ndugu zangu, mimi hili gari," alianza, na Dastan, aliyekuwa nyuma yake, akamvuta shati taratibu.

"Kaa, Ta Nicholaus," alisema kwa sauti ya chini. "Mama ameshafurahi. Usimwondolee." Naye akakaa, na watu wakajipanga kumshika mkono.

Siku hizi lile gari halipumziki, na paa lake lina mikwaruzo isiyohesabika. Serafina alijifungulia hospitali, mtoto wa kike. Siku ya kuwarudisha, Ma Kokugonza alikaa mbele na kichanga, Serafina akakaa nyuma amempakata Kamuhanda, kando yake kiti kitupu, na njia nzima walimwombea Ta Nicholaus baraka, yeye na watoto wake na wajukuu wake. Aliziitikia moja moja, macho yake kwenye kioo. Nyuma yao, kwenye vumbi, Dastan alikuwa anakuja kwa baiskeli.