Swali Ambalo Printa Haikuuliza

Ukimuuliza Mchoraji anafanya kazi gani, vuta kiti kwanza. Mama yake mzazi mpaka leo huwaambia watu kwamba binti yake anauza karatasi. Kaka yake husema anatengeneza printa, jambo ambalo si kweli, maana hajawahi kushika bisibisi maishani mwake. Ukweli ni huu: katika kiwanda kinachotengeneza printa za nyumbani, yeye ndiye anayechora kile kioo kidogo cha mbele, kile unachokigusa kwa kidole. Kitufe gani kikae wapi, kiandikwe nini, kikibonyezwa kitokee nini. Ndiyo kazi yenyewe, na analipwa, na msicheke.

Miaka mitatu nyuma alichora kioo kilichosifiwa mpaka kichwa kikamvimba kidogo. Mwaka huu akaambiwa akichore upya, kiwe rahisi zaidi, na michoro iwe mezani kwa Mkuu wa idara Alhamisi. Sasa, ofisini kwao wana utaratibu wao: kabla hujachora, unakwenda nyumbani kwa mtu, unakaa pembeni, unamtazama akichapa kitu chake, na hufungui mdomo hata akibonyeza vichekesho. Na kwa kuwa hajazaliwa mchoraji anayeweza kunyamaza, kila mmoja hupewa pipi moja kubwa, ngumu, aimumunye. Pipi ikiisha, ziara imekwisha.

Mchoraji akachagua kwenda kwa wifi yake, mke wa kaka yake. Kwanza ni karibu. Halafu wifi ni mshonaji, na printa aliyonayo ni ya kioo kile kile cha sifa. Mchoraji mwenyewe alimpelekea zawadi miezi minne iliyopita. Na zaidi ya yote, mawifi hawa wanapendana, kwa namna yao ya kutaniana mpaka asiyewajua aende kutafuta wa kuwaamua.

"Karibu, mgeni wa mvua," wifi akamwambia mlangoni Jumanne hiyo mchana. "Leo umepotea njia?"

"Nimefuata harufu ya chai."

"Chai ipo, sukari ulimaliza wewe mara ya mwisho. Ingia."

Sebule ya wifi ndiyo karakana yake. Meza ya kukatia iko chini ya dirisha, mkasi unaning'inia kwenye msumari wake ambao hakuna mwingine anayeruhusiwa kuugusa, rili za uzi zimepangwa kwa rangi ndani ya makopo ya biskuti. Siku zote ukifika hapo unapokewa na mlio wa cherehani. Leo kimya. Cherehani imefunikwa shuka, waya wake umeviringwa na kufungwa kwa kitambaa.

"Imeharibika?" Mchoraji akauliza.

"Inauzwa. Jumamosi mwenyewe anakuja kuichukua."

Loo! Mchoraji alikaa bila kukaribishwa. Huyu mwanamke alishona sare za watoto wa mtaa mzima. Alishona suti ya harusi ya kaka mtu. Auze cherehani?

"Mikono imenitoka, wifi," yule akasema. "Miaka ishirini na miwili nashona, sijawahi kurudishiwa nguo. Sasa tazama. Mwalimu alijaribu blauzi, ikamkaba. Nikasema basi, bahati mbaya. Mfamasia akaingiza mikono, akabaki ameinyoosha juu kama mtu aliyekamatwa. Tulimtoa watu wawili. Muuguzi vifungo vikakataa kukutana, na yule ni mteja wangu tangu hajaolewa. Nimenunua futi mpya ya kupimia. Nimekwenda kupimwa macho, macho mazima. Sasa kimebaki nini kama si mikono? Uzee ukija, mwenyewe ndiye wa mwisho kupewa habari."

Alisema akicheka, lakini machozi yalikuwa karibu, na Mchoraji aliyaona.

"Haya, kunywa chai yako, halafu nitazame kama ulivyosema," wifi akaendelea. "Ina bahati kazi yako, nina cha kuchapa. Huyu mnunuzi nimemwahidi na karatasi zangu za kukatia."

Karatasi zenyewe zilikuwa zake mwenyewe, alizozichora kwa penseli miaka ile ya mwanzo kwenye karatasi nene za kaki: mgongo, kifua, mkono, kola. Zilikuwa zimechakaa, zimejaa matundu ya pini. Siku printa ilipofika aliziskani zote, kipande kwa kipande, akazitunza kwenye kompyuta. Tangu hapo akawa anachapa mpya kila anapohitaji, na zile za kaki zikapumzika juu ya kabati. Leo alikuwa amezishusha, ili mnunuzi aondoke na zote.

Mchoraji akatia pipi mdomoni. Wifi akaketi mbele ya printa, akaipigapiga mgongoni.

"Mwanangu, leo tuna mgeni. Usinitie aibu." Akatazama kioo. "Hiki kijumba mimi sikigusi. Nyumbani nipo tayari, kinipeleke wapi? Na hili gurudumu lenye meno ni la mafundi. Ukiligusa unaharibu."

Mchoraji nusura ameze pipi nzima. Gurudumu lenye meno! Ndani ya gurudumu lile alikuwa ameweka nusu ya akili ya mashine, na hapa kuna mtu mwenye printa kwa miezi minne, hajawahi kuingia hata kwa bahati mbaya.

Wifi akabonyeza. Ikaanza kutoka kola badala ya mgongo. Akatafuta pa kusimamishia, hakupaona, akaishika swichi ya kuzimia. Kioo kikamuuliza: Una uhakika unataka kuzima?

"Ninao! Kwani nimekugusa kwa mapenzi?"

Ilimchukua safari tatu. Hatimaye vipande vya mgongo vikatoka, akaviunga kwa selotepu kwa vidole vyepesi ajabu, akaviweka mezani kando ya ule mgongo wa kaki. Mchoraji, mdomo umejaa na mikono haina kazi, akauchukua ule mpya akaulaza juu ya ule wa zamani. Chini vikalingana. Juu, ule mpya ukaishia chini ya mwenzake kwa upana wa kidole. Akausogeza. Ubavuni nako, pungufu.

Hakuhitaji kuambiwa. Alikumbuka kikao chenyewe, miaka mitatu nyuma. Watu walikuwa wakilalamika kwamba picha zao zinakatwa ukingoni, na yeye ndiye aliyenyoosha mkono: printa ipunguze kila kitu kidogo tu, kimya kimya, bila kumsumbua mtu kwa maswali. Atakayetaka ukubwa kamili aufuate ndani ya gurudumu lenye meno. Wakampigia makofi. Kidogo tu, ni tatu katika kila mia. Kwenye picha ya mtoto hakuna atakayejua. Kwenye kifua cha muuguzi, ni vifungo kukataa.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na wifi alikuwa amekula miezi minne. Mchoraji akaitoa pipi mdomoni.

"Wifi. Mikono yako haina kosa. Kosa ni langu."

Akamweleza yote, hakuficha hata yale makofi. Akamalizia, "Hata ile blauzi ya kijani uliyonishonea, sijawahi kuivaa. Haifungiki. Nilidhani nimenenepa, nikaona haya kukwambia. Miezi mitatu natembea alfajiri kwa ajili ya blauzi yako!"

Wifi akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Umenenepa pia. Usiisingizie printa."

Wakacheka, jamani, wakacheka mpaka wifi akashika meza. Halafu kicheko kikakatika na hasira ikashika zamu.

"Miezi minne nimejiona kikongwe mimi! Nimelia bafuni, maji nimeyafungulia ili kaka yako asinisikie. Hii mashine yako inajua kuniuliza kama nina uhakika nataka kuizima. Ilishindwa nini kuniuliza kama nataka nguo zangu zipungue?"

Swali lilimuuma Mchoraji, tena lilimuuma sana, kwa sababu lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa kazini.

"Nisamehe, wifi. Na usiuze."

"Nimeshampa mtu ahadi. Tena nani kasema mikono ni mizima? Karatasi imepungua, sawa. Mikono nayo pengine imepungua vile vile." Akalifunga shuka la cherehani vizuri zaidi. "Mpaka nione nguo imemkaa mtu, mimi siamini kitu."

Basi kulikuwa na siku nne. Mchoraji akaomba boksi la viatu. Akalikata dirisha upande mmoja, akachora vioo kwenye vipande vya karatasi, akakaa nyuma ya boksi, akawa yeye ndiye printa. Wifi anabonyeza karatasi kwa kidole, Mchoraji anaivuta na kuweka nyingine, huku akinguruma kama injini.

"Hapa umeandika 'Ukubwa asilia,'" wifi akasema. "Asilia ndiyo mnyama gani? Mti?"

"Niandike nini?"

"Andika 'Kama ilivyo.' Na hapa andika 'Ipungue iingie kwenye karatasi.' Mtu anayejua kusoma ataelewa, asiyejua atamuuliza mwanawe."

Kijumba kikatupwa. Gurudumu likatupwa. Kikaingia kitufe kikubwa chekundu, 'Acha', ambacho wifi alikibonyeza mara sita mfululizo kwa raha tu, na kila mara Mchoraji akilazimika kunyamaza katikati ya mngurumo. Kaka mtu alirudi kazini akawakuta, mmoja nyuma ya boksi anavuma, mwingine anamwamuru, akageuza njia akaenda zake jikoni.

Alhamisi ikafika. Mkuu wa idara ni mzee mpole, lakini ana wazimu mmoja: hapendi hatua kuongezeka. Akaitazama michoro, akatikisa kichwa.

"Umeongeza swali. Watu hawapendi kuulizwaulizwa."

"Kuuliza si ujinga, Mkuu. Kukisia ndiko ujinga. Na aliyekisia ni mimi, miaka mitatu iliyopita, kwenye chumba hiki hiki."

"Punguzo la tatu katika mia? Nani anaona hilo?"

Mchoraji alikuja amejiandaa. Alikuwa amevaa ile blauzi ya kijani, ameifunga kwa kuvuta pumzi na kusaidiwa na dada wa mapokezi. Akanyoosha mkono kuonyesha kile kitufe kipya kwenye mchoro uliobandikwa ukutani. Kifungo cha pili kikafyatuka, kikaruka juu ya meza, kikatua kling! kwenye kikombe cha chai cha Mkuu.

Mkuu akachungulia ndani ya kikombe, akachukua kijiko, akakiopoa kifungo na kukiweka juu ya kitambaa.

"Hilo ndilo tatu katika mia?"

"Ndilo, Mkuu. Na chapati kidogo."

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. "Wekeni swali," akasema. "Na mleteeni huyu koti."

Ijumaa asubuhi fundi wa kompyuta akalipandisha swali lile kwenye printa ya majaribio, na saa nane mchana ilikuwa juu ya meza ya wifi. Safari hii Mchoraji alikaa jikoni kabisa, asije akatoa hata pumzi ya kusaidia. Akasikia kidole kikigonga kioo. Akasikia wifi akisoma kwa sauti, polepole: "Niichape kama ilivyo, au ipungue iingie kwenye karatasi?" Kisha wifi akajibu kwa sauti ya mtu aliyeheshimiwa: "Kama ilivyo, mwanangu. Ahsante kwa kuuliza." Haukupita muda, mkasi ukatolewa kwenye msumari wake, na cherehani ikavuliwa shuka.

Jumamosi saa nne muuguzi alikuja kujaribu, amevaa sura ya mtu aliyekuja kwa hisani tu. Wifi akampa blauzi mpya. Alikuwa na pini nne mdomoni, na Mchoraji alikuwa amekaa pembeni. Muuguzi akaingiza mkono wa kwanza. Akaingiza wa pili. Kifungo cha juu kikafunga. Cha pili. Cha kifuani, kile msaliti, kikafunga bila hata kuombwa. Muuguzi akainua mikono juu, akaishusha, akainama kama anayetandika kitanda cha mgonjwa, akasimama.

"Sasa huyu ndiye fundi wangu," akasema. "Yule wa mwezi uliopita alikuwa nani?"

Wifi aligeukia dirishani akajifanya anatafuta uzi. Mabega yalikuwa yanamcheza. Mchoraji alitaka kwenda kumkumbatia, akajizuia, kwa sababu mlangoni palibishwa hodi. Ni yule mnunuzi, mama wa makamo mwenye haraka zake, na nyuma yake mbeba mizigo na mkokoteni.

"Hodi wenyewe! Nimefuata cherehani."

Wifi akajifuta uso kwa kiwiko. Akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Akaivuta futi kutoka shingoni, akamsogelea yule mama, akamzungushia kifuani kabla hajasema neno la pili.

"Samahani, dada yangu, ahadi nimeivunja, na wewe nitakushonea gauni la kuniombea msamaha. Cherehani ina kazi," akasema. "Nyoosha mikono."