Sauti ya Koku Ilipouzwa Nje

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nikiwa nachambua maharage. Mdogo wangu Koku tulishamzika kibanjani kwetu Kishanda, kati ya migomba, na ndani bado tulikuwa tunalalia nyasi za msiba. Laini ya Mama ikasumbua. Akapiga namba ya huduma kwa wateja. Akapokea Koku.

"Karibu. Nikusaidie nini?"

Sikuota. Ndugu wote walisikia.

Sikusoma sana, ila hili nalielewa. Zamani tuliuza nje kahawa na sangara. Siku hizi wanasema nchi inauza huduma, na aliyetuletea sisi biashara hiyo ni Rwegasira wa Bukoba, namtaja wala sifichi. Alituweka mimi na Koku kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro, kule Ijuganyondo, tukasoma maneno mpaka midomo ikakauka. Wazungu wakayachukua, wakatengeneza mashine inayopokea simu kwa sauti zetu. Kahawa ikienda hairudi. Hii ilirudi.

Siku ya kuondoa nyasi ili msiba uishe ilipofika, Mama alizikalia.

"Nani anafagia msiba wa mtu anayeongea?"

Nikaenda kwa Rwegasira. "Waitu, nakuomba, mtoe Koku kwenye simu. Mama anatuishia."

Akacheka huyo! "Wewe dada, ukishauza kahawa unamfuata mnywaji umnyang'anye kikombe?"

Nikarudi. Nyasi zilishaanza kuoza. Mama amelala juu yake, simu sikioni, anamwita mwanawe kwa Kihaya arudi nyumbani. Na Koku, kwa upole wake uleule, anajibu kwa Kiswahili: "Samahani, sijakuelewa. Tafadhali rudia."

Mama anarudia. Alirudia mpaka sauti ikamwisha. Tulimzika nyasi za Koku zikiwa bado ndani.

Na sauti yangu nayo iko huko. Sijui usiku huu inampokea nani.

Mwanangu, sikukatazi. Kazi ya kuhudumia watu wa mbali ipo na itaongezeka, ifanye. Lakini kabla hujatoa sauti yako au sura yako, uliza itakaa wapi, ataitumia nani, na ukifa nani ataizima. Ukiona anayekupa kazi anacheka kama Rwegasira, chukua kanga yako uondoke.

Mungu akutunze. Na siku akikuita, akuchukue mzima mzima, usibaki hata mdomo.