Nilimkataza mtu kujaza risasi, kanisa linataka nitubu kwamba nilizijaza

Admin, nifichie jina, lakini umri uuache. Nina miaka sitini na minane, mzaliwa wa Bukavu, mwalimu wa fizikia na hesabu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa ni mkimbizi hapa kambi ya Dzaleka, Malawi. Huwa naeleza mambo kwa urefu. Mnivumilie, maana urefu huo ndio ulioniletea matata.

Jumamosi huenda Lilongwe kuwafundisha Kifaransa watoto wa daktari mmoja wa meno. Ni Mmalawi mwenye heshima zake, ana bastola yenye leseni, na hupenda kwenda kulenga shabaha na wenzake. Siku moja aliniita sebuleni akanionyesha mfuko wa maganda matupu ya risasi. Alikuwa amechoka kununua risasi mpya, akataka aagize mashine ndogo ya mkono ya kuyajaza upya. "Madala," akaniambia, yaani mzee kwa lugha yao, "wewe ni mtu wa hesabu. Nitafaidika au nitapoteza?"

Nikamwuliza anapiga mara ngapi, kisha nikamfafanulia. Ganda la shaba hutumika tena, na hapo ndipo mtu anapojidanganya: kwa kuwa ganda analo, anaona risasi ni kama ya bure. Kumbe mashine, baruti, kichwa cha risasi na kile kidude cha kuwashia, vyote vinatoka ng'ambo, na vibali na usafiri juu yake. Kikikosekana kimoja, vingine vyote vinalala. Mtu anayepiga kila wiki, tena risasi za aina ya ghali, mwishowe hurudisha gharama. Anayepiga mara moja moja kama yeye atazeeka kabla mashine haijajilipa. "Tena," nikamwambia, "baruti ikizidi kidogo tu, bastola inaweza kukupasukia mkononi. Na wewe unalishwa na vidole vyako." Akavitazama vidole vyake, akacheka, akasema mke wake, aliyekuwa akiipinga mashine hiyo, amepata wakili. Mashine hakuagiza. Juma lililofuata akanipa gunia la mahindi.

Kanisani kwetu, aliyepata neema husimama wakati wa shukrani akaeleza jinsi ilivyomfikia. Mwingine angesema "Bwana asifiwe, nimepata mahindi," akaketi. Mimi darasani sikumpa alama mwanafunzi aliyeleta jibu bila njia. Nikaeleza njia yote: bastola, maganda, baruti, mpaka gunia. Nilipoketi hakuna aliyeitikia amina.

Kesho yake vijana wa kabaza, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, walinipigia saluti barabarani. "Papa Baruti, jambo! Utatuachiya risasi mbili?" Hao niliwacheka. Lakini wazee wa kanisa, ambao mimi mwenyewe ni mmoja wao, walinirudisha benchi la nyuma na kunikataza kugawa Meza ya Bwana. Mchungaji akaniambia nisimame mbele ya kusanyiko nitubu kazi ya kutengeneza risasi.

"Sikutengeneza," nikamwambia. "Nilimkataza mtu asitengeneze."

"Mwalimu, ile ni masomo. Bantu ya kanisa basikiaka neno moja tu, risasi. Tubu, tumalize."

Kama ingekuwa mimi peke yangu, ningezeekea benchi la nyuma kwa raha, na nyimbo huko naziimba kwa sauti kuliko walio mbele. Lakini binti yangu wa mwisho anaolewa. Posa imekubaliwa, gauni liko kwa fundi. Mchungaji amesema hatabariki ndoa ya nyumba iliyo chini ya adabu, na upande wa mume unasema utangoja neno la kanisa.

"Papa, sema tu pardon," binti akaniambia. "Ni dakika moja, kinywa haitavunjika."

"Na polisi wakisikia mkimbizi amekiri mbele ya kanisa zima kwamba alitengeneza risasi, watajua kwamba nilikuwa nawafurahisha wazee tu?"

Akaanza kulia. "We uko na jibu ya kila kitu, Papa. Mi niko na ndoa moja."

Yupo mtu mmoja tu ambaye sikubishana naye. Ni mama mjane wa kanisani kwetu, mume wake alipigwa risasi mlangoni pao huko Kivu. Nilimwendea nyumbani nikitarajia hasira. Akaniambia taratibu, "Mwalimu, mi sikukasirika. Niliogopa. Ile mikono njo inatugawiaka mkate ya Bwana." Sikumfafanulia chochote. Nilimwomba msamaha kwa kumtisha, akanipa kiti na chai. Msamaha huo ulikuwa wa kweli, na nilimwambia mchungaji niko tayari kuurudia mbele ya watu wote, hata nikiwa nimepiga magoti. Akakataa. "Kutisha si zambi, Mwalimu. Sema ile yenye bantu banajua."

Ile yenye watu wanajua! Sisi sote hapa tulikimbia makwetu kwa sababu ya mambo ambayo "watu walijua." Jirani alijua jirani yake ni adui, na hakuna aliyeuliza njia ya jibu hilo. Nimetembea nchi tatu nikiwa na akili yangu tu, na sitaikabidhi madhabahuni ili kikao kiishe mapema.

Ndugu zangu mnaosoma, na ninyi wachungaji mliomo humu, nishaurini. Nifanye nini binti yangu abarikiwe bila baba yake kudanganya mbele za Mungu? Niende kwa wakwe mwenyewe? Nitafute mchungaji mwingine? Nimwombe yule mama mjane asimame aseme aliyoyasikia kwangu? Semeni lolote, hata kali. Ila atakayeniandikia "tubu tu, Mzee, yaishe," aniambie kwanza ukishaisha uongo huo, mimi nitamfundishaje mjukuu wangu kusema kweli.