Nilivyoipaka helikopta ya rimoti rangi ya mlango ili isiwe ya chama chochote

Assalaam alaykum wakuu. Mlioko kazini mkijifanya mnafanya kazi, poleni.

Haya yana mashahidi nusu ya Vitongoji, Pemba. Nikitia chumvi kuna mtu humu atanisuta mchana kweupe, kwa hiyo naandika kama yalivyokuwa.

Ilikuwa msimu wa uchaguzi. Mwaka sitaji, misimu ile kwetu ilifanana. Mtu alikuwa tayari anywe chai isiyo na sukari kuliko kuinunua duka la chama kingine.

Nyumbani kulikuwa na baba yangu, mwalimu mstaafu, na mdogo wake, yaani ami yangu, mkulima wa karafuu. Nyumba zinapakana, katikati ua wa makuti, kisima kimoja. Baba chama cha kijani, ami chama cha buluu.

Tangu uchaguzi uliotangulia hawakusemezana. Ami alihama hata msikiti, akawa anakwenda wa mbali kwa miguu, ilimradi asipange safu moja na kaka yake.

Mjumbe wao nilikuwa mimi.

"Kamwambie ami yako mbuzi wake kaingia kwangu."

"Kamwambie babako afunge mlango."

Na wote wawili wanasikiana, ua wenyewe wa makuti! Nina miaka ishirini na sita, fundi redio mwenye kibanda changu, natumwa kama mtoto wa chuo cha Kurani. Ila siwafichi wakuu, iliniuma. Hawa walilelewa wakila sinia moja, na utotoni walikuwa hodari wa kurusha tiara za karatasi kijiji kizima. Sasa hata Idi kila mtu na sahani yake.

Basi dada yangu aliyeolewa Maskati akaniletea helikopta ya rimoti. Msidhani ni toy ya kurushia sebuleni. Panga lake moja refu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni, na manual yake ilianza na picha ya kidole kilichokatika.

Wazee wakapata habari. Baba akauliza itaruka lini. Ami naye akauliza, kwa kunong'ona, nisimwambie mtu kama kauliza. Hapo nikapata wazo. Nitawasimamisha uwanja mmoja hawa. Ikiruka, watatazama juu kitu kimoja, labda mmoja atasema "umeona?" na mwenzake atajisahau ajibu. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Nikajiandaa kweli, wakuu. Wiki nzima. Kila skrubu niliifungua nikaitia gundi yake isilegezwe na mtikisiko. Betri nilichaji mwenyewe nikiwa nimekaa pembeni, maana betri zile hazitaki kuachwa peke yake. Mota niliijaribu kwanza bila mapanga. Rimoti inawashwa kwanza, betri baadaye. Kuzima ni kinyume chake. Nikafunga fito mbili chini kwa msalaba na vipira vya ping pong kwenye ncha, isipinduke.

Mapanga niliyafunga mawili pamoja nikayaning'iniza kwa uzi. Moja likashuka kidogo. Nikabandika selotepu kwenye lile jepesi mpaka yakalala sawasawa. Ukiacha hapo, chombo kitatetemeka mpaka kijivunje.

Kila kitu tayari. Nikaenda kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu, kuomba uwanja wa mpira.

Sheha akaizunguka helikopta mara mbili.

"Mie ruhusa nakupa," akasema. "Lakini mwili huno kijani. Ami yako atakuja?"

Akainama, akagusa panga kwa kidole.

"Na ncha za mapanga buluu. Babako je? Rangi hino itatutia fitinani, yakhe."

Wakuu, alikuwa na haki. Nikarudi nyumbani kutafuta rangi isiyo na chama. Nyeupe imo kwenye bendera, nyekundu imo, manjano imo. Mwisho nikakuta kopo la rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka mlango, hudhurungi. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kuitaka.

Mwili ukakubali mkono mmoja wa rangi. Panga la kwanza likawa kaidi, buluu inachungulia. Nikapaka mara ya pili, mara ya tatu. Panga la pili likapata mkono mmoja mwembamba, kopo likaisha.

Manual ilisema upime mapanga kabla ya kuruka. Nilikuwa nimeshapima. Haikusema upime tena baada ya siasa.

Siku yenyewe ni alasiri, upepo umetulia. Kila mzee nilimwambia mwenzake haji. Nikachora mstari wa jivu hatua thelathini kutoka kilipo chombo, watazamaji wasivuke.

Baba akaja na kiti chake cha plastiki. Ami akaja na chake, akakaa upande wa pili. Wakaonana. Hakuna aliyeondoka, maana kuondoka ni kushindwa.

Halafu ami akavuta kiti mbele kidogo, nadhani macho yake si mazima. Baba akaona mdogo wake yuko mbele yake. Akasogeza chake, akampita hatua moja. Ami akasogeza. Baba akasogeza. Nikapiga kelele warudi nyuma ya jivu. Nani anisikilize? Kila mmoja anasubiri mwenzake arudi kwanza.

Mpaka nawasha, walikuwa hatua kumi kutoka kwenye chombo, viti vinakaribia kugusana, kila mmoja anatazama upande wake. Hapo ilikuwa nizime. Sikuzima, na kosa hilo ni langu. Niliona wamekaribiana nikafurahi.

Nikapandisha stiki ya rimoti taratibu. Mapanga yakashika kasi. Chombo kikaanza kutetemeka, fito zinagonga ardhi, vipira vya ping pong vinaruka kila upande. Nikashusha stiki, nimechelewa. Kikainama, panga likapiga ardhi.

"Kaka, lala!"

Alikuwa ami. Akamkamata baba kanzu shingoni, wakaanguka wote chini. Lile panga la mikono mitatu ya rangi likakatika, likapita walipokuwa wamekaa, likatoboa mgongo wa kiti cha baba.

Nikakaa chini na rimoti yangu. Nilidhani nimeua.

Baba akainuka nusu, kofia haipo. Akakitazama kiti. Akamtazama ami.

"Ntoto huno nani kamfunza wazimu?"

"Si wako?" ami akajibu, anatema mchanga. "Angefunzwa na mie ingeruka."

Baba akacheka. Nami machozi yakanitoka, sioni haya kusema. Wakanigeukia kwa pamoja, mmoja akichoka mwenzake anapokea, nikatukanwa mpaka adhana ya magharibi. Safu wakapanga moja.

Asubuhi yake niko kitandani, nikasikia baba upande wa ua: "Yakhe! Mbuzi wako huno!"

Hakunituma.

Vyama hawakuhama, kura kila mtu alipiga yake. Nilichojifunza: pimeni mapanga mara ya mwisho kabisa, rangi ikishakauka. Na mzee akivuka mstari wa jivu, zimeni, hata kama anakwenda mnakotaka aende.

Kile kiti hakikutupwa. Ami akija kunywa kahawa hukivuta hicho hicho chenye tundu, na baba humfokea akalie kizima.

Karibuni wenye uzoefu wa mapanga mnikosoe, sioni vibaya. Na utakayeuliza mimi nilikuwa chama gani: hudhurungi.