Damu ya Mzee Kamau

Nichekeni, lakini kwanza mniambie: ni haki mtoto wa siku mbili, mwenye baba mzima, aandikwe "Mtoto wa Wambui"?

Ndivyo muuguzi alivyoandika kwenye kichupa cha damu pale hospitalini Thika. Kijana wetu alikuwa na homa, na damu ingeonyesha kama ana maambukizi, ndipo daktari ajue kama sindano ziendelee. Nikapewa kichupa nikipeleke maabara.

Njiani nilichemka. Wambui ni mke wangu, sawa, lakini kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake, na hata akiwa kwa nepi tunamwita mzee! Nikatoa kalamu yangu ya kijani, nikakata upuuzi huo hadi usisomeke, nikaandika jina na mtaa wetu: Mzee Kamau, Makongeni.

Saa nane, majibu hakuna. Mtoto hanyonyi, Wambui analia. Nikaenda dirisha la maabara na muuguzi nyuma yangu, nikawaka.

"Mmepoteza damu ya mtoto wangu! Hii ni hospitali ama ni soko?"

Foleni nzima ikaniunga mkono.

Mtu wa maabara akatoa kichupa. "Ya mtoto haijaletwa. Nimebaki na ya huyu Mzee Kamau, na tangu asubuhi tunamtafuta wodi zote za wanaume."

Muuguzi akakichukua, akasoma polepole, kisha akatazama mfuko wa shati langu.

"Baba Kamau," akasema, na foleni yote ikageuka, "hebu nionyeshe hiyo kalamu."