Muziki wa Kupumzikia

Shemeji yangu Filemon ni mtu wa dharau. Simsingizii, maana na mimi ni hivyo hivyo, na ndiyo sababu tunaelewana. Dada yangu Mektrida, aliyeolewa naye kule Marangu, husema tukikaa pamoja barazani hakuna anayepita njiani akasalimika.

Lakini yeye ana haki ya kununa. Miaka mingi alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa mjini Moshi, mashine zinazonguruma mpaka ukitaka kumwita mwenzako unapunga mikono. Wanunuzi binafsi walipoingia, watu wakapunguzwa kazini, na Filemon akarudi Marangu kihambani kwake, kwenye shamba la migomba la ukoo, na begi moja na mluzi masikioni. Mluzi mwembamba, usiokoma hata kanisani. Daktari alimwambia hauna dawa, azoee. Azoee! Ningempata daktari huyo ningempulizia filimbi sikioni mpaka Pasaka.

Siku moja aliitwa kutengeneza pampu kwenye hoteli ya wageni, na ukumbini akakuta muziki unapigwa polepole, hauna mwimbaji, gitaa tu na kitu kama maji yanayotiririka. Mluzi ukaondoka. Alikaa kwenye kiti cha wageni mpaka wakamfukuza, na alipotoka nje mluzi ukarudi. Toka siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: kanda ya muziki wa namna ile, akae nayo mchana kwenye kiti chake apumzike. Ila iwe imerekodiwa vizuri, maana kanda yenye mikwaruzo ilimzidishia ugonjwa.

Akashuka kwangu Rau, kando ya mji, tukaenda mjini kutafuta.

Wauza kanda wa Moshi wa miaka ile ya tisini sijui niwaelezeje bila kutenda dhambi. Biashara huria ilikuwa imeingia, na kila aliyeshindwa kazi nyingine alifungua kibanda na kutoa spika mbili nje zigombane na spika za jirani. Mkubwa wao alikuwa Remigius, karibu na stendi, aliyevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Ukimpa kanda tupu anakurekodia nyimbo uzitakazo, lakini hakuna wimbo uliotoka kwake mzima. Mwanzoni, katikati, na pale hasa unapoanza kuguswa moyo, anaingia yeye: "Remi Rekodi, Moshi mjini, wengine wanafuata!" Hata kwaya za Pasaka alizipitishia domo lake. Yesu anafufuka, Remigius anatangaza kibanda.

"Shikamoo mzee," alimwambia shemeji.

"Marahaba. Nataka muziki wa taratibu, ala tupu. Asiwepo mtu anaimba."

Remigius akavua miwani. "Asiwepo mtu? Pole sana mzee. Nani amefariki?"

"Hajafa mtu. Nataka kupumzika."

"Huo si ndio ule redio inapiga mkubwa akifa? Hapa hatuna mambo ya msiba, mzee wangu. Chukua hii ya Kongo, inabembeleza kweli."

"Na domo lako limo?"

"Lazima liwemo! Ile ni sahihi yangu."

"Basi katie sahihi choo chako," Filemon akamwambia, tukaondoka.

Vibanda vingine vilikuwa uchafu mtupu. Kimoja kilituuzia kanda iliyorekodiwa juu ya mahubiri, gitaa likilegea kidogo unasikia mtu anakemea mapepo. Shemeji alirudi Marangu mikono mitupu, mluzi wake masikioni.

Aliyemwokoa ni Jovin, jirani yake, mpagazi wa watalii wanaopanda mlima. Mzungu mmoja aliyeshindwa kufika kileleni alimwachia kanda kama shukrani, na Jovin akaisikiliza mara moja tu akaona ameonewa. "Mzee Filemon, haina hata mdundo," alisema. "Chukua tu."

Jumamosi ile nilikuwepo. Mektrida alikuwa ameteremka sokoni. Filemon aliweka kanda kwenye redio yake kubwa, akafungulia sauti mpaka mwisho, kwa sababu masikio yake ya sauti ndogo yalibaki kiwandani, na spika ndogo za kuvaa masikioni daktari alimkataza. Ilikuwa kanda safi kweli. Ulisikia kidole kikigusa uzi wa gitaa. Filemon alifumba macho, akanyoosha miguu, mdomo ukamlegea. "Mluzi umekwenda, shemeji," alinong'ona, na mimi, mwenye roho ya chuma, nikasikia machozi yananilenga. Nikashika tama.

Sasa, nchi hii kila mtu anajua: redio ya taifa ikikatiza kipindi ghafla na kuanza kupiga muziki wa polepole usio na maneno, kuna mkubwa amekufa, bado jina tu. Ndelilio, mwanamke wa kihamba cha pili, akausikia ule muziki migombani. Akakimbilia redio yake ili apate jina, akakuta watu wanacheka na kutangaza sabuni. Kichwa chake kikafanya hesabu, na si kichwa kikubwa: kama msiba si wa serikali, basi ni wa Filemon.

Akakata mkungu wa ndizi, akaita wenzake. Walikuja na kuni, na maziwa, na katekista mbele na rozari yake. Wakamkuta Filemon chali kitini, macho yamefumbwa, mdomo wazi, na mimi pembeni nimeshika tama.

"Yesu na Maria! Meku Filemon, mzee wetu!" Ndelilio akautupa mkungu, akaangua kilio.

Filemon akafumbua jicho moja. "Nyamazeni. Nasikiliza."

Wanawake wawili walikimbia mpaka barabarani. Katekista aliokota rozari yake, akauliza kwa ukali, "Unasikiliza nini?"

"Muziki wa kupumzikia."

"Na marehemu je," akasema Ndelilio, akifuta machozi kwa hasira, "naye si anapumzika?"

Mnadhani waliondoka? Ndizi zilikuwa zimeshakatwa. Walipika, wakala, wakasimulia misiba mingine iliyokuwa mizuri zaidi, na katekista akatangaza kwamba muziki ule unaita kifo. Filemon alipoupiga tena, habari zikafika kwa ndugu zake wa Kahe, wakakodi pikapu, wakapanda mlima wote wakilia. Kumkuta hai hawakumsamehe.

"Nimechoka kupikia msiba usio na maiti," Mektrida akamwambia. "Fanya watu wajue hujafa, au kanda hiyo naitia jikoni."

Alikuja kwangu Rau, kanda mfukoni mwa shati, akasimama mlangoni bila hata kunitazama. "Shemeji, twende kwa Remigius."

Nikavaa viatu, tukaenda.

"Weka domo lako," Filemon alimwambia Remigius, akimpa kanda.

Remigius alivua miwani kwa furaha, mshenzi yule. "Niseme nini, mzee?"

"Sema hajafa mtu."

"Na niseme kila baada ya muda gani?"

"Mara kwa mara," shemeji akajibu, akiangalia ukuta. "Wenye mikungu wana haraka."

Basi ukienda Marangu mchana utamkuta kitini. Gitaa linaanza, maji yanatiririka, miguu inanyooka, uso unaanza kulegea. Hapo ndipo domo linapoingia, kubwa, migombani kote: "Remi Rekodi, Moshi mjini! Mzee Filemon hajafa!" Na Ndelilio, kihambani kwake, anaitikia, "Tunashukuru!" Shemeji anafumbua macho. Mluzi umesharudi.